Moyo Usiochanjwa

Mwezi uliopita nilipigiwa simu kutoka Newala nikiwa nimeshika shoka, nimeinamia paja la ng'ombe. Aliyepiga ni binti anayekaa na Mama Mkufunzi, mtoto wa dada yake.

"Shikamoo, Baba Zuhura. Mama miguu imevimba, viatu havimwingii. Akilala anakosa pumzi, kwa hiyo siku hizi halali, anakaa tu kwenye kiti. Hospitali hataki. Padri amekuja, mwenyekiti wa mtaa amekuja, manesi aliowafundisha mwenyewe wamekuja na gari. Wote wamerudi kama walivyokuja."

"Anawaambia nini?"

"Hawaambii kitu. Anawauliza maswali."

Nikacheka, halafu kicheko kikaniishia mdomoni.

"Juzi alikutaja," binti akasema. "Aliuliza, yule mwuza nyama wa Masasi bado yupo? Njoo wewe, baba. Tukingoja tena wiki, sijui."

Nikaliweka shoka juu ya gogo, nikafunga bucha saa tano ya asubuhi, jambo ambalo watu wa mtaa wetu wa Mkomaindo, hapa Masasi, hawajaliona tangu nifungue. Lakini kabla sijakwambia nilichokikuta huko juu mlimani Newala, lazima umjue huyu mama. Na ili umjue yeye, lazima unijue kidogo na mimi.

Mimi sijisifu, nasema kilichopo. Nimesoma mpaka darasa la nne, na hilo la nne lenyewe sikulimaliza. Nilianza kwa kuuza utumbo kwenye ndoo, nikiutembeza mlango kwa mlango, nzi nyuma yangu kama wanafunzi na mwalimu wao. Leo nina mabucha matatu, mawili yana vigae mpaka darini. Wenye digrii wanasimama mstari mbele yangu, na mimi ndiye ninayewaambia ngoja. Yote hayo niliyapata kwa macho. Kuuliza sijawahi. Tangu utoto niliona kumwuliza mtu jambo ni kama kuvua shati mbele za watu: wanakuona mbavu.

Sasa fikiria mtu wa namna hiyo anaingiliwa dukani na mama mfupi, gauni jeupe, saa imebanwa kifuani, chale za Kimakonde mashavuni na kwenye kipaji cha uso. Alikuwa anafundisha manesi hapa mjini. Somo lake lilikuwa mwili: mifupa, damu, pumzi, chakula kinavyopita, mkojo unavyotengenezwa. Wanafunzi walimwita Mkufunzi. Mimi nikaongeza Mama, likakaa hivyo.

"Naomba moyo wa mbuzi," akasema.

Nikampa. Akaugeuza, akaurudisha juu ya mizani.

"Umeuchanja."

"Moyo wote huchanjwa, mama. Damu itoke."

"Mimi nataka kuona ilikopita. Ukishauchanja umenivunjia nyumba, unaniuzia matofali."

Akaondoka bila kununua. Nilikasirika mpaka jioni. Mwanamke ananifundisha kukata nyama! Lakini Jumamosi iliyofuata nilimwekea mmoja mzima, na nikajifanya umebaki kwa bahati.

Hakuuchukua akaenda. Alitoa kijisu kidogo kwenye mkoba, akaufungulia pale pale kwenye gogo langu, taratibu, kama mtu anayefungua barua. Akanionyesha milango. Ndani ya moyo kuna milango, nakwambia, ya ngozi nyembamba, imeshikiliwa na nyuzi nyeupe kama mbavu za mwavuli, damu ikipita inajifunga nyuma yake. Nilikuwa nimeshakata mioyo ambayo ingejaza lori, na sikuwa nimeuona mlango hata mmoja.

"Pima ukuta huu kwa kidole, halafu pima ule. Wa kushoto mnene. Kwa nini?"

Nikafikiri. "Labda huo ndio unaopeleka mbali."

Akaniangalia muda mrefu. "Umesoma wapi?"

"Darasa la nne."

"Basi," akasema, akafunga moyo kwenye gazeti. Hilo "basi" nimewasimulia watu wengi sana, na wengine wamenikimbia nikilianza.

Kuanzia hapo alikuja kila Jumamosi. Figo ya ng'ombe aliikataa kabisa. Alisema imegawanyika vipande vipande kama korosho zilizogandamana, na ya mtu si hivyo. Alitaka ya mbuzi, laini, iliyopinda. Aliwaambia wanafunzi wake kwamba mtoto wa huku kwetu anaijua figo kabla hajaiona: aokote korosho chini ya mkorosho, hiyo ndiyo figo yake. Akishamaliza kufundishia alivipika vyote, moyo, maini, figo, akawalisha darasa zima kwa ugali. Hakuna aliyekula kabla hajataja kazi ya kile kilichomo kijikoni mwake.

Siku moja alikuja na wanafunzi sita akaomba mapafu na koo lake. Akachomeka bomba la kalamu kwenye koo, akapuliza. Lile pafu, lililokuwa limelala kama kitambaa kibichi, likainuka, likawa la waridi, likajaa. Mzee mmoja wa Tandahimba alikuwa anasubiri kilo yake. Aliona mbuzi aliyechinjwa asubuhi anavuta pumzi mezani. Akarudi nyuma mpaka mlangoni.

"Bucha hii imeingia mambo," akasema. "Nipeni nauli yangu ya kurudi."

"Mzee," Mama Mkufunzi akamwita, "njoo upulize na wewe. Unavuta sigara?"

"Nilivuta."

"Basi puliza tuone kilichobaki."

Na alipuliza, yule mzee! Wanafunzi wakapiga makofi, naye akasahau nyama yake akaenda zake anatabasamu. Nikamtumia kwa pikipiki, ikamkuta stendi.

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Hakuwa na mazungumzo mengine. Ukimwambia habari za asubuhi, atakuuliza umekula nini na sasa hivi kimefika wapi. Dereva wa bodaboda aliyempeleka nyumbani alilazimika kutaja mifupa ya mkono inayoshika usukani, na kwa vile alikuwa amewahi kuvunjika, alipata miwili. Furaha yake aliionyesha kwa swali. Hasira kwa swali. Mke wangu alipofariki, watu wote walikuja na pole zao, nazo ninazishukuru. Yeye alikaa kwenye mkeka karibu na mlango, akanyamaza karibu saa nzima, halafu akaniuliza, "Umekunywa maji leo?" Sikuwa nimekunywa. Akaenda akaleta.

Sheria yake ilikuwa moja, na wanafunzi wake wote wataikumbuka mpaka wazeeke. Kusema "sijui" kwake haikuwa kosa. Alisema, "Asiyejua nitamfundisha mpaka jua lizame, na kesho nitamfundisha tena. Hapo sina hiari, ndiyo kazi yangu." Lakini anayejua akasema hajui, huyo alimfukuza darasani, kwa sababu huyo, alisema, siku moja atamwacha mgonjwa afe kwa kuona aibu kufungua mdomo.

Nilikuwapo siku mwanafunzi mmoja mpya alipozikodolea macho chale zake. Mtu mwingine angechukia. Yeye aliinama akamwambia, "Gusa. Usiogope, hazifutiki. Sasa niambie: ngozi inabanduka kila siku, ukioga inaondoka, ukiunguzwa na mafuta ya ganda la korosho inatoka kama karatasi. Kwa nini uso wangu bado umeandikwa?"

Yule binti akasema hajui. Akafundishwa hapo hapo mbele ya nyama zangu: kwamba ngozi ina tabaka la juu linalokufa na kuondoka, na tabaka la chini linalobaki, na bibi aliyemchanja alijua kina cha kufikisha unga wa makaa unaopakwa kwenye chale bila kusoma kitabu chochote. "Bibi yule alikuwa mkufunzi," akasema. "Hakuwa na cheti tu." Akanitupia jicho aliposema hivyo. Nililiona.

Lakini usidhani nakuchorea malaika. Mama huyu alikataza chumvi mji mzima, halafu akija kwangu akaletewa supu ya makongoro, anainyunyizia chumvi kama anapanda mbegu. Nikimtazama anasema, "Wewe hukuulizwa." Aliweza kupasua jicho la ng'ombe huku anakunywa chai. Ila nilipompeleka machinjioni, alipotaka kuona damu inavyosukumwa, alimwangalia yule mbuzi mara moja tu, akageuka, akatoka nje akasimama karibu na uzio.

"Bado ananiangalia," akasema. Macho yake yalikuwa mekundu. Hatukulizungumza tena. Na sindano! Aliyewachoma watoto wa wilaya mbili, yeye mwenyewe alipotakiwa kuchomwa alijificha chooni. Wenzake ndio walionisimulia, na wakaniapisha nisiseme.

Sasa nifike kwa Zuhura, mwanangu wa kwanza. Zuhura alikulia buchani. Alipochaguliwa kusomea unesi, nilichinja, nikaalika mtaa. Ulipofika mtihani wa somo la mwili nikamwambia, "Hilo usihangaike nalo, mwanangu. Hilo ni la kwetu. Niulize mimi." Nikamketisha, nikamfundisha yote ninayoyajua.

Akafeli. Akifeli tena marudio, anarudishwa nyumbani. Nikavaa kanzu, nikachukua paja zima la mbuzi, nikaenda kwa Mama Mkufunzi kumweleza kwamba sisi ni watu tunaojuana.

Alilipokea paja. Akamwita mpishi, akamwambia leo wanafunzi watakula pilau. Halafu akanitolea karatasi ya Zuhura, akanisomea. Mwanangu alikuwa ameandika kwamba tumbo la binadamu lina vyumba vinne. Na kwamba figo ya mtu imegawanyika vipande ishirini na zaidi.

"Haya ni makosa?" nikasema. "Mimi nimeyaona kwa macho yangu!"

"Umeyaona kwa ng'ombe, Baba Zuhura. Mtu hacheui. Hii karatasi hakuiandika mtoto. Umeiandika wewe kwa mkono wake. Aliyefeli ni wewe."

Hakuna mtu aliyewahi kuniambia hivyo nikamwacha amesimama. Nikamwacha amesimama.

Jumamosi alikuja dukani kama kawaida, akaniwekea daftari juu ya gogo. Ndani yake maswali matupu, hakuna jibu hata moja, kwa mwandiko wake mkubwa wa kuandikia ubaoni. "Mwulize moja moja. Wewe soma, yeye ajibu. Akikosea, mrudishe kwenye kitabu, si kwako."

Sijawahi kuona maswali kama yale. Mwanamke ameteremka bondeni kuchota maji, akapanda na ndoo kichwani jua kali, hakunywa: mkojo wake utakuwaje, na figo zimeamua nini? Kijana amepandisha mlima wa Newala kwa baiskeli yenye magunia mawili ya korosho: taja yanayobadilika kifuani mwake, kwa mpangilio. Mtoto amemeza kokwa, na hakukabwa: ni mlango gani uliofungwa? Nilikuwa nasoma kwa kuburuta, herufi moja moja, na Zuhura, Mungu ambariki, hakunicheka. Mimi nakata, yeye anajibu, wateja wanasikiliza. Ikafika mahali mama wa vitumbua jirani anajibu kabla yake.

Zuhura alifaulu. Leo ni nesi hospitali ya Ndanda, wodi ya wanawake. Daftari nilibaki nalo mimi.

Basi huyo ndiye mama niliyekwenda kumwona, sasa amestaafu na kurudi kwao Newala.

Newala kulikuwa na ukungu na baridi ile ya kule juu, wakati Masasi nimeacha watu wanajipepea. Nilimkuta barazani kwenye kiti cha mikono, miguu juu ya kigoda, khanga imefunika magoti. Uso ulikuwa umejaa, chale zimetanuka kama maandishi kwenye mpira uliotiwa upepo. Saa bado ilikuwa kifuani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umenenepa."

"Biashara inakwenda vizuri, mama."

"Sikukuuliza biashara." Akavuta pumzi mara mbili kabla ya kuendelea. Akaisogeza khanga. "Bonyeza hapo juu ya kifundo."

Nikabonyeza kwa kidole gumba. Nilipokiondoa, shimo likabaki, limekaa pale kama nimebonyeza unga uliokandwa.

"Kwa nini halirudi?"

Nilijua. Swali la arobaini na moja, katikati ya daftari, na pembeni yake kuna doa la damu ya mbuzi. Maisha yangu yote nimekuwa mtu wa kutoa jibu kabla swali halijaisha, na siku ile jibu lilikuwa mdomoni na sikutaka litoke. Nikataka kusema sijui. Nikakumbuka sheria yake.

"Moyo umechoka, mama. Unapokea damu kuliko unavyoweza kusukuma. Inayobaki inarudi nyuma, inajazana, maji yanavuja nje ya mishipa yanatuama chini."

"Na pumzi?"

"Yamefika mapafuni. Ukilala yanatanda. Ndiyo maana unakaa."

"Na chumvi?"

"Chumvi inayashikilia."

"Vizuri sana," akasema. "Zuhura naye alijibu hivyo hivyo alipokuja na wenzake. Nilimpa alama zote. Kaa unywe chai."

Hapo ndipo nilipoona walivyoshindwa wote. Waliokosea aliwaambia wakasome. Waliopatia aliwapongeza. Naye akabaki kwenye kiti.

"Gari liko nje," nikasema.

"Nimeliona. Zuri."

Binti akaleta chai. Nikaizungusha kikombeni mpaka ikapoa. Nilikuwa nimekuja na maneno mengi, njia nzima nayapanga, ya kumwonyesha kwamba mimi si mtu wa kukataliwa. Yote yalikuwa majibu. Na majibu alikuwa nayo tayari.

"Mama," nikasema, "nina swali."

Binti akasimama mlangoni na sinia lake. Mama Mkufunzi akageuza kichwa.

"Wewe?"

"Mimi."

"Uliza."

"Mtu anajua ugonjwa wake. Anajua ulikotoka na unakokwenda. Anajua dawa ipo na gari lipo. Halafu anakaa kwenye kiti. Kwa nini?" Nikakiweka kikombe chini. "Hili sijui, mama. Nimelifikiria tangu Masasi. Sijui kabisa. Nifundishe."

Nilimwona anatafuta pa kutokea, na sheria yake mwenyewe imesimama mlangoni.

"Anaogopa," akasema mwishowe.

"Anaogopa nini?"

"Mle ndani wote nimewafundisha mimi. Watanivua gauni. Watanichoma, watanigeuza kushoto na kulia. Wataona Mkufunzi naye ni nyama tu."

Nikasema lile ambalo kazi yangu imenifundisha.

"Mama, mimi nimeuza nyama maisha yangu yote. Haijawahi kuniuliza swali hata siku moja."

Akaanza kucheka. Kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikamnyima pumzi, binti akaweka sinia chini akakimbia kumshika mgongo. Ilipotulia, Mama Mkufunzi alijifuta macho kwa pindo la khanga.

"Viatu," akasema.

Havikumwingia. Nikavua vyangu, makubazi ya ngozi, namba kumi na moja, nikamvalisha mimi mwenyewe nimepiga magoti. Nikaendesha gari peku kuteremka mlima, yeye kando yangu ameketi wima na mito miwili mgongoni, binti nyuma na mfuko wa nguo.

Nilianza kuogopa, nikawa namsikiliza pumzi kuliko injini. Tulipofika kule chini, ukungu umetuacha na joto limeanza, akanigeukia akanikagua tumbo, shingo, na mkono wangu kwenye usukani.

"Presha yako umeipima lini?"

Nilikuwa na jibu zuri la kumpa, la mtu mwenye mabucha matatu na asiyeumwa. Nikaliacha.

"Sijui, mama."

"Sijui ya kweli?"

"Ya kweli."

Akaegemea mito yake, akafumba macho.

"Basi mwambie Zuhura atupokee wagonjwa wawili," akasema. "Na wewe ndiye utakayeanza kuchomwa. Mimi nitaangalia."